Moto Hospitalini: Mlango Kabla ya Ngazi

Hospitali ikishika moto, wengi hukimbilia ngazi. Lakini kumshusha mgonjwa asiyejiweza ni kazi ya watu kadhaa. Kumsukuma akiwa kitandani, wawili hutosha. Kwa hiyo huhamishiwa kwanza nyuma ya mlango wa kuzuia moto, katika ghorofa ileile, kisha mlango hufungwa, kwani aghalabu kiuacho ni moshi, si mwali. Oksijeni nayo huuchochea moto: mjini Baghdad, Aprili 2021, mitungi ililipuka katika Hospitali ya Ibn al-Khatib, wakafa watu zaidi ya 80. Iwe Mnazi Mmoja au kwingineko, gari la zimamoto likiwa bado njiani, dakika za mwanzo zimo mikononi mwa wauguzi na jamaa za wagonjwa. Basi mlango huo usiegemezwe jiwe ukabaki wazi.