Usiku analinda, mchana analima: yeye ni raia ao ni askari?

Katika mikutano yetu na familia zilizokimbia vita huku Kivu, wamama wanarudilia ulizo moja: kijana akishika bunduki usiku pamoja na Wazalendo, na asubuhi akirudi shambani, yeye ni raia ao ni askari? Jibu linagusa uzima wake na wa majirani wake.

Tangu M23 irudi vitani mwisho wa 2021, vijana wengi wamejitolea. Mwaka wa 2023 inchi yetu ilipata sheria ya kuunda jeshi la akiba (RAD), ili raia wanaojitolea wasaidie FARDC. Lakini si kila anayejiita Mzalendo anafuata amri ya jeshi.

Sheria ya vita inasema nini? Protokole ya Pili ya Geneva, ya 1977, inalinda raia, isipokuwa wakati anaposhiriki yeye mwenyewe katika mapigano. Mwongozo wa Msalaba Mwekundu wa 2009 unaongeza hivi: mwenye kazi ya kudumu ya kupigana ndani ya kikundi hawi raia kila asubuhi. Anaweza kushambuliwa hata akiwa na jembe mkononi. Akiacha kabisa kazi hiyo, ulinzi wa raia unamrudilia. Jamaa yake na majirani wanabaki raia siku zote, lakini risasi inayomtafuta inaweza kuwapata wao.

Ndugu viongozi, tunawaomba mambo manne:

1. Bunduki isilale kambini. Mkataba wa Kampala wa 2009 unataka makao ya waliohamishwa yabaki ya raia.

2. Mtoto asiandikwe. Sheria yetu ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inakataza kuingiza wenye chini ya miaka 18 katika jeshi na vikundi vya silaha. Mwaka wa 2012, mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimfunga Thomas Lubanga, wa Ituri, miaka 14 kwa sababu ya watoto wenye chini ya miaka 15.

3. Zamu ya wezi ifanywe kwa filimbi na taa, bila bunduki. Kulinda wezi si vita.

4. Anayetaka kuacha silaha asichekwe wala asitangazwe mbele ya watu. Mpokeeni kimya, mumsaidie kupata shamba ao kazi.

Kupenda inchi si kosa. Lakini mzazi na kijana wajue mapema mlango wanaoingia.