Bibi Margot Fonteyn, Mchezaji wa Baleti

Baleti ni dansi isimuliayo hadithi bila maneno. Mchezaji haimbi wala hasemi. Mikono, miguu na shingo yake ndiyo ulimi wake. Mwanamke achezaye hupanda juu ya ncha za vidole vya miguu, naye huvaa viatu vya atlasi ambavyo ncha zake zimefanywa ngumu kwa nguo na gundi, tabaka juu ya tabaka. Msomaji na ajaribu kusimama hivyo nyumbani kwake, na pengine hatahitaji maelezo zaidi.

Katika kazi hiyo Bibi Margot Fonteyn, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1919, alipata sifa kubwa. Tarehe 20 Februari 1946 jumba la Covent Garden mjini London, ambalo wakati wa vita liligeuzwa ukumbi wa dansi, lilifunguliwa upya mbele ya Mfalme George wa Sita. Bibi Fonteyn alicheza kama binti mfalme katika hadithi ya mrembo aliyelala usingizi wa miaka 100. Ndani yake mna sehemu ambayo wachezaji huiogopa sana. Wana wa wafalme wanne huja kumposa binti huyo. Yeye husimama juu ya ncha ya mguu mmoja, na mguu wa pili ameuinua nyuma. Mposaji wa kwanza humshika mkono, kisha humwachia, naye hukaa peke yake kitambo kabla ya kumpa mkono wa pili. Na hivyo hivyo mpaka wanne wote wamekwisha. Akiyumba, jumba zima limeona. Bibi Fonteyn alifanya haya kwa uso wa msichana wa miaka 16 anayefurahia siku yake ya kuzaliwa. Hakuwashinda wengine kwa kuruka, wala hakuinua mguu juu sana kama wachezaji wa siku hizi. Uzuri wake ulikuwa katika ulinganifu wa mwili na kuufuata muziki barabara.

Mwaka 1962, akiwa na miaka 42, umri ambao wenziwe wengi wamekwisha acha, alianza kucheza na kijana Mrusi, Rudolf Nureyev, watu wakawashangilia kila walikokwenda. Mwaka 1964 mumewe, Roberto Arias wa Panama, alipigwa risasi, akapooza. Matibabu yalihitaji fedha nyingi, naye akaendelea kucheza mpaka karibu na umri wa miaka 60. Baadaye walikaa shambani Panama wakifuga ng'ombe, naye akamwuguza mumewe mpaka alipokufa mwaka 1989. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 21 Februari 1991. Chuo cha Kifalme cha Dansi cha London, ambacho alikuwa rais wake tangu mwaka 1954, huendesha mashindano ya vijana yaitwayo kwa jina lake.