Je, Wajua? Moyo Husikiliza Pumzi

Je, wajua kwamba unapovuta pumzi moyo huenda kasi kidogo, na unapoitoa hupunguza mwendo? Mshipa wa fahamu utokao ubongoni hadi kifuani na tumboni ndio unaoutuliza. Basi abiria wa Bombolulu aliyekwama kwenye msongamano kabla ya Daraja la Nyali ana dawa ya bure hapo kitini: avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe kwa hesabu ya 6, akiifuata kwa makini kwa dakika 5. Huko ndiko kutafakari. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Abiria huyu, kila hesabu ikiwa sekunde moja, atapumua mara 6 tu.

Kicheko nacho husukuma hewa nje. Mwaka 1995, daktari Madan Kataria alianzisha kikundi cha kucheka pamoja bustanini huko Mumbai, India.

Lakini si kila kicheko ni furaha. Januari 1962, wasichana 3 wa shule ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Wakafika 95, na Machi shule ikafungwa. Watafiti wengi wanaona chanzo kilikuwa msongo wa mawazo. Maskini, watoto wale walikuwa wameelemewa.