Jina Lililonunuliwa: Mpaka baina ya Mwanamuziki na Mashabiki Wake nchini Kongo

Katika maonyesho ya muziki mjini Kinshasa, na vivyo hivyo mjini Lubumbashi, kuna jambo ambalo mgeni hulistaajabia na mwenyeji halioni tena. Wimbo ukiwa katikati, mtu hutoka mahali pake, hupanda jukwaani, humbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, moja baada ya nyingine, kisha hurudi kuketi. Walinzi hawamzuii. Mwimbaji haoni kwamba ameingiliwa. Huinamisha kichwa kidogo, naye hulitaja jina la mtoaji ndani ya wimbo bila kupoteza mahadhi. Kwa muda huo mfupi, mpaka uliopo baina ya anayeimba na anayesikiliza huwa umeondolewa kwa ridhaa ya wote wawili. Swali linalozuka ni hili: mpaka ukishafunguliwa kwa namna hiyo, ni nani mwenye haki ya kuufunga, na lini?

Huko Ulaya na Marekani, uhusiano wa watu mashuhuri na wapenzi wao umezoeleka kuelezwa kwa nadharia moja. Mwaka 1956, Donald Horton na R. Richard Wohl walionyesha kwamba redio na televisheni humfanya mtu ajihisi kumfahamu mtangazaji au mwigizaji kama rafiki, ilhali yule rafiki hana habari naye. Ni urafiki wa upande mmoja. Walio wengi huishia hapo bila madhara, wachache huvuka. John Lennon aliuawa mjini New York tarehe 8 Desemba 1980 na mtu ambaye Lennon mwenyewe alikuwa amemtilia sahihi kwenye jalada la sahani saa chache kabla. Mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni pake mjini Los Angeles mwaka 1989, na mwaka uliofuata jimbo la California likatunga sheria ya kuwaadhibu wenye kuwaandama watu. Dawa iliyopendekezwa huko ni umbali: ukuta, mlinzi, sheria. The Beatles walikuwa wameichagua dawa hiyo mapema zaidi, walipoacha ziara za maonyesho mwezi wa Agosti 1966 na kujifungia studioni.

Nadharia hiyo ina nguvu, lakini imesimama juu ya sharti moja, nalo ni kwamba mtu mashuhuri yu mbali. Kinshasa ya miaka ya 1970 na 1980 haikuwa hivyo. Bendi zilifanya mazoezi mitaani, watu wakisikia, na vijana walizijua nyimbo kabla hazijarekodiwa. Shabiki hakuwa na haja ya kujidanganya kwamba anamjua mwimbaji. Alimjua kweli, pengine alimjua na mama yake. Hata majina yanayotumika yana lao la kusema. Kifaransa cha Kinshasa humwita shabiki fanatique, neno lenye asili ya Kilatini fanum, yaani hekalu. Kiswahili cha redio kilipendelea kusema mpenzi, neno lile lile linalotumika kwa wachumba. Hekaluni na uchumbani, kote huko watu hutoa, na kote huko hutarajia kupewa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Papa Wemba. Baada ya kuunda Viva la Musica mwaka 1977, aliifanya sehemu ya mtaa wa Matonge kuwa kijiji, akakiita Molokai, jina lililoundwa kwa herufi za mwanzo za njia za hapo: Masimanimba, Oshwe, Lokolama, Kanda-Kanda na Inzia. Yeye mwenyewe akawa chifu wa kijiji hicho. Vijana waliomzunguka hawakuwa wasikilizaji tu. Walivaa kama yeye, walisema kama yeye, walimwita papa. Haikuwa mzaha mtupu. Ajiitaye chifu huwa na raia, na raia huwa na madai: msaada siku ya kilio, neno la kuombewa kazi, nafasi katika bendi. Dai kubwa kuliko yote lilikuwa safari. Mwezi wa Februari 2003 Papa Wemba alikamatwa Ufaransa, akishtakiwa kwamba aliwaingiza watu Ulaya kwa viza za wanamuziki hali hawakuwa wanamuziki, na mwaka 2004 mahakama ilimtia hatiani. Mbele ya sheria ya Ufaransa, lile lilikuwa kosa la jinai, tena lenye fedha ndani yake. Katika mantiki ya kijiji, mtu awezaye kuwavusha wenziwe bahari na asiwavushe ndiye mwenye kosa. Mantiki zote mbili zilimkuta mtu mmoja, naye hakuwa na namna ya kuziridhisha zote.

Papo hapo ilikuwa inakua desturi nyingine, iliyougeuza ukaribu huu kuwa bidhaa. Neno libanga, kwa wingi mabanga, ni la Kilingala, na maana yake ni jiwe. Kumtupia mtu jiwe ni kulitaja jina lake katika wimbo. Kumtaja rafiki au mfadhili si jambo geni katika rumba, lakini katika miaka ya 1990 lilipata bei. Sababu zake hazifichiki. Uporaji wa Septemba 1991 na ule wa Januari 1993 uliviangamiza viwanda na maduka. Fedha ikapoteza thamani siku kwa siku. Kaseti zilinakiliwa kwa wizi sokoni. SONECA, chama cha taifa cha kulinda haki za watunzi, hakikuweza kumpatia mtunzi riziki yake. Lakini hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kila nakala ya wizi ilimpunguzia mwanamuziki mapato ya kaseti, na wakati huo huo ilimwongezea sifa yule aliyetajwa ndani yake. Wizi uleule ulioliua soko la wimbo ulilikuza soko la jina. Ndipo nyimbo zikaanza kubeba makumi ya majina: ya wafanyabiashara, ya wanasiasa, ya wachimba almasi waliorejea kutoka Angola, ya wahamiaji wa Paris na Brussels, mengine yakiimbwa na mwimbaji, mengine yakipigiwa kelele na atalaku, yule mchochezi wa bendi mwenye kuwaamsha wachezaji.

Wapo wanaosema kwamba libanga ni sifa za jadi zilizovaa suti. Rai hiyo inavutia, lakini haikubaliki bila masharti. Miongoni mwa Waluba, mwimbaji wa kasala humtaja mtu kwa majina yake, ya baba zake na ya ukoo wake, na mwenye kutajwa hujibu kwa zawadi. Jina hutangulia, zawadi hufuata. Anayedaiwa ni yule aliyesifiwa, na akishatoa, deni limekwisha.

Mwambao wa Afrika Mashariki nao una desturi ya kutunza katika taarabu, na kitenzi hicho kina maana mbili zilizo jirani: kumpa msanii tuzo, na kumhifadhi mtu asipatwe na baya. Bibi aliyevaa vizuri huinuka, huenda mbele polepole akicheza, na kutoa noti yake wakati wa ubeti anaoutaka, pengine kwa kuwa ubeti huo unamchoma hasimu aliyeketi safu ya tatu. Hasemi neno. Wote wameelewa. Hata hivyo ubeti ulikuwa umekwisha kutungwa; yeye ameuazima tu kwa muda wa kwenda na kurudi. Wimbo ukirudiwa kesho, hasimu yule yule anaweza kuinuka na kuuazima kwa zamu yake, na mwimbaji hana lawama kwa yeyote kati yao. Ndiyo sababu mwimbaji wa taarabu huweza kupokea noti za mahasimu wawili usiku mmoja na akalala salama.

Libanga limeupindua utaratibu huo. Fedha ndiyo hutangulia na jina hufuata, kwa hiyo mdaiwa ni mwimbaji. Tena jina haliazimi ubeti. Hukaa ndani yake, limerekodiwa. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, maana pande mbili hazikubaliani juu ya kile kilichouzwa. Mwanamuziki huamini kwamba ameuza sekunde tatu za utepe. Mnunuzi huamini kwamba amenunua udugu. Mmoja hulalamika kwamba jina lake lilikuja mwishoni, wakati watu wamekwisha kuchoka. Mwingine kwamba lilitajwa jirani na la mpinzani wake. Wa tatu huja usiku nyumbani kwa mwimbaji na kudai kufunguliwa mlango, akisema, si bure, kwamba yumo ndani ya wimbo. Kumwita mtu huyo kichaa, kama nadharia za mbali zingetaka, ni kukosea. Anadai alichoahidiwa, au alichodhani ameahidiwa, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumweleza tofauti.

Tena madai hayawi ya walionunua peke yao. Wenge Musica ilipogawanyika mwezi wa Desemba 1997, JB Mpiana akibaki na Wenge BCBG na Werrason akiunda Wenge Maison Mère, mashabiki nao waligawanyika mtaa kwa mtaa. Walio wengi wao hawakuwa wametoa hata senti ya libanga. Walikuwa wametoa ujana wao, na kwa hesabu yao hiyo ilikuwa malipo. Waliwadai wanamuziki wapatane, na wengine waliwadai wasipatane kamwe. Tarehe 30 Juni 2022 wenzi hao wa zamani walipanda jukwaa moja katika Uwanja wa Mashujaa wa Kinshasa, karibu miaka 25 baada ya kuachana.

Dai zito zaidi lilitoka ng'ambo. Kadiri chaguzi za 2006 na 2011 zilivyopita, baadhi ya Wakongo waishio Ulaya, waliojiita combattants, waliazimia kuwazuia wanamuziki wa Kinshasa wasiimbe Paris, Brussels wala London. Hoja yao ilihusu majina. Wakubwa wa serikali walikuwa wametajwa katika nyimbo, na baadhi ya wanamuziki walikuwa wameimba katika kampeni. Basi aliyewasifu watawala asije kuchuma fedha kwa waliowakimbia. Kwa miaka mingi maonyesho makubwa yalifutwa. Tarehe 28 Februari 2020, Fally Ipupa alipoimba katika ukumbi wa Bercy mjini Paris, ndani wimbo uliendelea, na nje, karibu na kituo cha treni cha Gare de Lyon, moto ulikuwa unawaka na polisi wakipambana na waandamanaji. Ni rahisi kuwalaani kwa vurugu zao, nazo hazina utetezi. Lakini watu hao hawakuwa wageni wa muziki huu. Walikulia ndani yake. Walichokidai ni kwamba mwenye kuliuza jina awajibike kwa jina aliloliuza, si kwa mnunuzi tu, bali hata kwa yule ambaye masikio yake yalilazimishwa kulisikia. Mwanamuziki angeweza kujibu kwamba alikuwa anatafuta mkate wake. Jibu hilo ni kweli, nalo halitoshi.

Kuna upande mwingine wa ukaribu huu, usiohusu majina bali miili. Tarehe 29 Oktoba 2022, katika Uwanja wa Mashujaa, watu 11 walifariki katika msongamano wa maonyesho ya Fally Ipupa, polisi wakiwa miongoni mwao. Uwanja wenye nafasi za watu wapatao 80,000 ulijaa kupita kiasi, hata njia za kupitia. Walaumiwe waandaaji kwanza, kwa kuwa kazi ya kuhesabu watu ni yao, wala si ya kijana aliyetamani kumwona mwimbaji wake kwa karibu. Lakini mahali ambapo kila mmoja amezoea kwamba mpaka hufunguka kwa anayejua kuusukuma, ukuta wa uwanja nao huhesabiwa kuwa mpaka wa namna hiyo hiyo.

Haielekei kwamba dawa ya Kongo itakuwa ile ya The Beatles. Mwanamuziki asiyepata haki ya utunzi hawezi kujifungia studioni. Akijifungia, atakufa njaa. Wala kupiga marufuku libanga hakuna maana, madhali sababu zilizolizaa zipo. Kilichopo karibu ni kutenganisha wazi zawadi na mauzo, na mfano wake si mgeni. Mwaka 1973 Franco alitoa wimbo Azda, wa kuisifu kampuni iliyokuwa ikiuza magari ya Volkswagen. Wimbo ulikuwa tangazo toka mwanzo hadi mwisho, na kila msikilizaji alijua hivyo. Kampuni ilipata wimbo wake. Haikupata udugu wa Franco, wala haikuudai. Libanga la siku hizi halina uwazi huo, maana hujificha ndani ya wimbo wa mapenzi, na mnunuzi hushawishiwa aamini kwamba ametajwa kwa kupendwa. Mwanamuziki anayetaka mlango wake ufungwe usiku angeanza kwa kuuondoa ushawishi huo: kiasi kinacholipwa, mahali ambapo jina litakaa, na kwamba hakuna zaidi.

Kwa majina yaliyokwisha kutajwa, hakuna la kufanywa. Nyimbo za 1998 na 1999 zingali zikipigwa arusini, na katika nyingi zake husikika waziri aliyekwisha kuanguka, mfanyabiashara aliyekwisha kufilisika, kijana wa Brussels aliyekwisha kuzikwa. Wachezaji huyaitikia majina hayo kwa sauti moja na atalaku, wengi wao bila kujua yalikuwa ya nani.