Kamera ya Ami na Mkono wa Bibi

Katika ndoa iliyofungwa msikitini kwetu hivi karibuni, nilihesabu simu kumi na saba zilizoinuliwa juu bwana harusi alipokuwa akitamka kupokea ndoa. Kwa kuwa mimi ni katibu wa kamati, huombwa baadaye nizikusanye picha hizo, nami hupokea mamia. Sikumbuki hata moja. Lakini mkanda mmoja wa picha 36, wa mwaka 1998, naukumbuka picha kwa picha, zikiwamo zile ambazo hazikutoka.

Kamera ilikuwa ya ami yangu, aliyerejea Tanga kutoka Dubai. Ilikuwa ya plastiki nyeusi, nyepesi, isiyo na cha kurekebisha. Ilitaka mambo mawili tu: jua liwe mgongoni mwa mpigaji, na anayepigwa asimame mbali kidogo, la sivyo hutoka na ukungu. Baada ya kila picha ulizungusha kigurudumu kwa kidole gumba mpaka kigome.

Mkanda ulinunuliwa, na kusafisha picha nako kulilipiwa. Kwa hiyo baba aliamuru mkanda mmoja utoshe kuanzia Idd el Fitri hadi Idd el Hajj. Tulijifunza kushika kamera bila kupiga, jambo ambalo wanangu hawalisadiki. Mimi, mtoto wa miaka tisa, nilipewa picha moja iwe yangu. Niliitumia mapema, kumpiga mbuzi wetu aliyekuwa akifugwa kwa ajili ya kuchinjwa.

Bibi hakupenda picha. Chuoni baadaye nilisoma hitilafu za wanazuoni juu ya picha za kamera, nikamkumbuka, maana hoja yake haikuwamo kitabuni: "Mnanipiga picha ya nini, na mimi nipo?" Siku ya Idd el Hajj jua lilichomoza baada ya mvua ya masika, naye akakubali. Alikaa barazani, akatengeneza mtandio wake, baba akampiga mara mbili. Mkanda ukaisha.

Jioni ile nilifungua mgongo wa kamera. Nilitaka kumwona bibi. Mkanda ulikuwa bado haujarudishwa ndani ya kikopo chake, na nilichokiona ni utepe mtupu, wa rangi ya udongo. Nikafunga upesi, nikanyamaza siku nne.

Studio ilirudisha picha tisa. Za mwisho, zilizokuwa juu ya mviringo, ziliunguzwa na mwanga. Za mwanzo zilisalimika kwa kufunikwa na wenzake. Baba aliniangalia, nikakiri. Hakunipiga. Alisema, "Tutampiga tena Idd ijayo, inshaallah."

Bibi alifariki kabla ya Ramadhani iliyofuata. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Katika zile tisa, mbuzi yumo, na ukungu wake, kwani nilimsogelea mno. Kidirisha cha kuchungulia kilikuwa pembeni mwa lenzi, na kwa kitu cha karibu, jicho na lenzi havikuona sawasawa. Nilidhani nimempiga mbuzi peke yake. Ukingoni, upande wa kulia, umeingia mkono wenye hina iliyofifia, umeshika kamba.

Mama huitunza picha hiyo katika sanduku lake la nguo, ndani ya kipande cha kanga. Wajukuu wakimuuliza bibi yetu alikuwaje, hulifungua sanduku, akawaonyesha mbuzi.