Malaysia: Nchi ya Makabila na Mpira wa Vinyoya

Malaysia imekatwa na bahari vipande viwili: rasi ya Malaya, inayopakana na Thailand upande wa kaskazini, na majimbo ya Sabah na Sarawak yaliyoko kisiwani Borneo. Wakazi wake wamepita milioni 33. Wamalay, ambao kwa mujibu wa katiba ni Waislamu, pamoja na wenyeji wa Borneo na wa misitu ya rasi, ni kama asilimia 70 ya raia. Wachina ni kama asilimia 23. Wahindi, wengi wao wazao wa Watamil walioletwa na Waingereza kufanya kazi katika mashamba ya mpira, wanakaribia asilimia 7.

Makundi haya ni majirani, lakini kila moja lina maisha yake. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa lugha tatu, Kimalay, Kichina na Kitamil, na vyama vikubwa vilivyopigania uhuru wa 1957 viliundwa kwa misingi ya asili: kimoja cha Wamalay, kimoja cha Wachina, kimoja cha Wahindi. Tarehe 13 Mei 1969, siku chache baada ya uchaguzi, Wamalay na Wachina waliuana katika mitaa ya Kuala Lumpur. Tangu hapo hakuna jambo ambalo serikali hulihubiri kama muhibah, yaani mapatano ya watu wa asili mbalimbali. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo: limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa mahaba na muhibu.

Hata michezo imegawanyika. Soka, iliyowahi kuchezwa na wote, imebaki zaidi kwa Wamalay. Mpira wa kikapu umeshikwa na Wachina. Mpira wa vinyoya, yaani badminton, haukupata mwenyewe. Waingereza waliuleta, na chama chake cha Malaya kikaundwa mwaka 1934. Hauhitaji gharama: raketi mbili, kinyoya, na kamba iliyofungwa kati ya minazi miwili. Adui yake ni upepo tu, ndiyo maana wenye uwezo huchezea ukumbini.

Sifa za mwanzo zililetwa na Wachina. Februari 1949, mjini Preston, Uingereza, Malaya iliishinda Denmark 8-1 na kutwaa Kombe la Thomas, shindano la dunia la timu za wanaume, lililokuwa likifanyika kwa mara ya kwanza. Wachezaji wake walikuwa wa asili ya Kichina. Wakati huohuo nchini kwao kulikuwa na hali ya hatari dhidi ya waasi wa kikomunisti, wengi wao Wachina, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilianza kuwahamishia Wachina wa vijijini katika makazi yaliyozungushiwa seng'enge. Jamii iliyotiliwa shaka kuliko zote ndiyo iliyoipa nchi jina. Kuanzia 1950 hadi 1957, mwaka wa uhuru, ubingwa wa wanaume wa mashindano ya All England haukutoka mikononi mwa watu wawili, Wong Peng Soon na Eddy Choong, kila mmoja mara nne. Mwaka 1971 Punch Gunalan, mwenye asili ya Kihindi, na Ng Boon Bee, Mchina, waliutwaa ubingwa huo katika mchezo wa wawili wawili.

Wamalay walipata mashujaa wao kutoka Banting, jimboni Selangor. Huko mzee Sidek aliwafundisha wanawe watano, Misbun, Razif, Jalani, Rahman na Rashid, na wote wakaichezea nchi. Mwaka 1992 ndio uliobaki midomoni mwa watu. Mjini Kuala Lumpur, baada ya miaka 25 ya kungoja, Malaysia iliifunga Indonesia 3-2 na kulirudisha Kombe la Thomas kwa timu iliyochanganya ndugu wa Sidek na Wachina kama Foo Kok Keong na Cheah Soon Kit. Mwaka huohuo, kule Barcelona, Razif na Jalani walipata shaba, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yao.

Misbun ndiye aliyemnoa Lee Chong Wei, kijana wa Kichina aliyekulia Bukit Mertajam, jimboni Penang. Fainali yake ya Olimpiki ya 2012 dhidi ya Lin Dan wa China iliangukia mwezi wa Ramadhani. Wamalaysia wa dini zote walikaa mbele ya runinga, na Wachina wao hawakusita: waliyemshangilia ni Chong Wei. Akashindwa 21-15, 10-21, 19-21, akaliomba taifa radhi. Alipata fedha mwaka 2008, 2012 na 2016, dhahabu kamwe, na pengine kukosa huko kuliwaunganisha watu kuliko ushindi.

Umoja huo una mipaka. Mwaka 2021, S. Kisona, mchezaji wa asili ya Kihindi, alitukanwa mtandaoni na mwanasiasa wa ngazi ya chini kwa rangi yake baada ya kushindwa mechi Finland. Watu wa makundi yote walimjia juu mwanasiasa huyo. Katika timu ya taifa ya siku hizi Wachina ni wengi na Wahindi wachache. Hata hivyo jozi inayoongoza upande wa wanawake ni Pearly Tan, Mchina, na Thinaah Muralitharan, Mtamil, waliotwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 2022. Mwaka huo Aaron Chia na Soh Wooi Yik waliipatia nchi ubingwa wake wa kwanza wa dunia. Dhahabu ya Olimpiki, katika mchezo wowote, Malaysia ilikuwa bado haijaipata Michezo ya Paris ya 2024 ilipomalizika.