Upinde Unapohamia Mjini

Upinde wa Wahadzabe huzaliwa kwenye ukame. Huko Mang'ola, wilayani Karatu, karibu na Ziwa Eyasi, mwindaji huuchonga kutokana na kipande kimoja cha mti na kuufunga upote uliosokotwa kwa kano za mnyama. Vigumba vya chuma vya mishale huvipata kwa wahunzi wa Kidatoga, ambao huvifua hata kutokana na misumari. Upinde huo ukinunuliwa na kuletwa Arusha, unakutana na hali nyingine ya hewa: mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru, wenye masika ya Machi hadi Mei na baridi ya Juni na Julai.

Kosa kubwa ni kuuegemeza kwenye kona. Ncha ya chini hunyonya unyevu wa sakafu, na mti ulioegemea miezi mingi hupinda upande. Upote wa kano nao ukilowa hulegea. Ukiachwa umevutwa muda wote, mti huzoea mkunjo na kupoteza nguvu. Upinde unataka kulegezwa upote, kisha ulazwe juu ya vigingi viwili.

Kichanja cha kuulaza hutengenezwa kwa bomba la PVC, ambalo halinywi maji wala haliliwi na mchwa. Bomba la inchi 1 lenye urefu wa mita 6 linatosha na kubaki. Kwa msumeno wa chuma hukatwa vipande 4 vya sentimita 25 vya miguu, 2 vya 80 vya nguzo, 2 vya 60 vya kukingama, 4 vya 10 vya kuungia, na 2 vya 15 vya vigingi. Huongezwa tii 6, elbo 2 na vifuniko 6.

Kila nguzo huanzia kwenye tii ya mguu. Juu yake kidogo kuna tii ya mkingamo wa chini. Karibu na kilele kuna tii inayotazama mbele, na hapo ndipo kigingi kinapoingia. Elbo mbili hufunga mkingamo wa juu.

Vyote hupachikwa kwanza vikavu na kutiwa alama ya penseli, kwa sababu gundi ya PVC haisubiri: huyeyusha uso wa plastiki na kushika ndani ya sekunde chache. Kigingi kimoja kikienda kombo, upinde utalala kombo.

PVC ni nyepesi, kwa hiyo miguu hujazwa mchanga mkavu kabla ya kuzibwa. Vigingi huviringishiwa tyubu kuukuu ya baiskeli ili upinde usiteleze. Vifuniko vyake, kwa kuwa ni vinene kuliko bomba, huuzuia usianguke.

Mishale husimamishwa ndani ya kipande cha bomba la inchi 3, manyoya juu, kitambaa kikiwa chini kulinda vigumba. Kipande hicho hufungwa kwenye nguzo kwa tyubu ileile.

Kichanja kikae mbali na jua, linalofanya PVC ivunjike kirahisi, na mbali na jiko, kwani plastiki hii hulainika kwenye nyuzijoto 80 hivi. Masika yakipita, upinde ushikwe na kutazamwa kutoka ncha hadi ncha, kama seremala anavyokagua ubao, kuona kama mikono yake miwili bado imo kwenye mstari mmoja.